Mpira wa Mkiani

Jirani yangu Farieda aliwahi kuniuliza, "Wewe mtu wa sala, unawezaje kumsifu mtu anayetengeneza torpedo, yale makombora ya chini ya maji?" Mimi nafagia karakana ya nyambizi bandarini, na fundi huyo namwona kila siku. Kabla hajagusa torpedo huvua pete ya ndoa akaitia mfukoni mwa shati, kisha hunawa kama anayekwenda kumpakata mtoto mchanga. Husema nayo kwa sauti ya chini, "Geuka kidogo, bibie, tuone mgongo." Vidole vyake vimeota sugu, havihisi vizuri, kwa hiyo kila mpira mpya wa kuzuia maji huupitisha kwenye mdomo wa chini, taratibu, macho kayafumba. Vijana humcheka: "Anko, tutamwambia mkeo!"

Juzi ulifika mpira wa mkiani mwa torpedo, uliosubiriwa kwa miezi, na nyambizi ilikuwa tayari kwenda mazoezini. Akaupitisha mdomoni, akasita, akarudia. "Una ufa." Nahodha akasema yeye haoni ufa wowote, ufungwe tu. "Maji ya chumvi yakifika kwenye betri, moto utawakuta mle nyambizini, na dirisha hamna," fundi akamjibu, akachukua mkasi akaukata mpira vipande vipande mbele ya wote. Nahodha akatoka akifoka kwamba safari imekufa. Fundi akanigeukia, mkasi bado mkononi.

"Anti, zoa vyote tafadhali, usiache hata kimoja. Hawa wana haraka, na gundi wanayo."