Zima Kidogo, Tusikilize

Mke wangu hapendi jenereta, na si kwa ajili ya moshi wala harufu ya petroli. Haipendi kwa sababu ikiwaka hasikii kitu kingine. Watu wa mbali wakiambiwa hivyo hucheka, wakadhani ni deko. Sisi wa Mocímboa, huku kaskazini mwa Msumbiji, hatucheki.

Siku ile wenye bunduki walipoingia mjini, yeye na mdogo wake walikuwa mashineni, wamekwenda kusaga mahindi. Mashine ile ilikuwa ya dizeli, ikinguruma huwezi kuongea na mtu wa pembeni yako ila kwa mikono. Bunduki zililia mtaa wa pili, nyumba zikatiwa moto, watu wakapiga mayowe, na wao wamesimama kwenye foleni na ndoo zao hawana habari. Walipoona watu wanakimbia ndipo walipojua. Mke wangu alitokea mlango wa nyuma. Mdogo wake hakutoka.

Siku hizi kila mtu anasema "vita vilikuja", kama vile vita ni mvua. Havikuja vyenyewe. Walikuja watu, na baadhi yao ni vijana wa mtaa huu huu. Mimi ni kinyozi, na vichwa navijua kuliko nyuso. Aliyetia moto nyumba yangu nilimnyoa tangu mama yake alipokuwa anambana mapajani ili asitikisike. Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto, alianguka kwenye uzio wetu akiwa mtoto, na mke wangu ndiye aliyemwosha damu. Huyo mmoja. Wa pili ni jirani wa nyumba ya nne, ambaye moto ulipozimika na sisi tukiwa porini, alikuja akabandua mabati yangu yaliyosalia. Yapo juu ya jiko lake hadi leo, na rangi yangu ya kijani bado iko pembeni. Wa tatu ni shefu wa bairro, mkuu wetu wa mtaa, aliyeandikisha mashemeji zake kwenye msaada wa mabati mapya, na sisi akatuambia tungoje awamu nyingine. Bado tunangoja.

Nimeshasema. Sasa niseme la jenereta, maana hilo ndilo lililonipa raha.

Tulirudi baada ya kuhangaika sana, kwanza Quitunda, kijiji cha waliohamishwa, halafu Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Watoto wetu ni wakubwa, walibaki Pemba na shughuli zao. Sisi wawili tukarudi, tukajenga chumba na sebule kwanza, nikaezeka baraza kwa makuti, nikaweka kioo na kiti cha gari bovu, nikaanza kunyoa. Umeme ulikuwa umesharudi mjini. Lakini ulikuwa na siku zake za kukatwa, na hizo tulitangaziwa kabisa redioni: Jumapili fulani kuanzia asubuhi mpaka jioni hakuna korenti, mafundi wako kwenye nguzo huko mbali. Na Jumapili ndiyo siku watu hawana kazi, wanakumbuka nywele zao. Nikijaribu kwa wembe, wateja wazee wanakubali. Vijana wanataka mashine, wanataka mstari ulionyooka juu ya paji la uso. Walikuwa wananiamkia vizuri, kisha wananipita kwenda kwa kinyozi wa sokoni mwenye injini.

Ndipo nikanunua jenereta, ndogo, kuukuu, kwa mtu aliyekuwa anauza soda baridi akaacha. Jumapili ya kwanza nikavuta kamba, ikashika. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akajifunga kanga, akatoka. Alirudi jioni korenti iliporudi.

Jumapili iliyofuata alinisubiri niiwekee petroli kwanza.

"Bwana, kitu hicho kikiwaka mimi nakuwa kiziwi."

"Ni mpaka jioni tu, mama."

"Na wao walikuja asubuhi."

Nikamwambia mji sasa una askari kila njia panda, na watu wanalala majumbani mwao. Akasema anajua, hata hizo njia panda anazijua kuliko mimi. Kisha akaniambia neno ambalo nililibeba kifuani miezi ile yote. "Nitakaa mpaka Idi. Idi ikipita nakwenda Pemba kwa watoto. Wewe baki na injini yako, ikupikie."

Mke wangu si mtu wa kutishia. Akisema anakwenda, anakwenda.

Nilifanya kila nililoweza. Niliipeleka jenereta nyuma ya choo, sauti ikafuata. Nikaizungushia matofali, sauti ikapanda juu. Nikaifunika magunia yaliyolowa, ikapata joto mpaka nikaogopa italipuka. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyekuja na njia. Alisema atakaa pale kona, mtaa wetu unapokutana na njia kubwa, maana pale ngurumo inapungua na masikio yanafanya kazi. "Nikiinua kanga, unazima. Nikiishusha, unawasha. Usiniulize kwa nini, wala usiniambie ngoja nimalize kichwa."

Ndivyo tulivyoanza. Alichukua mkeka wake na ungo wake, akakaa kona. Mimi nikinyoa jicho moja liko kwa mteja, la pili liko kona. Kanga ikipanda, nakwenda nyuma nazima. Siku ile ya kwanza ilipanda mara nyingi hata bega likaniuma kwa kuvuta kamba. Mteja anabaki ameketi, upande mmoja umenyolewa, upande mmoja bado kichaka, na shuka shingoni. Wote kimya. Unasikia mchi wa jirani, kuku, watoto wa madrasa wanavyokimbizana na sura, pikipiki inakwenda uwanja wa ndege. Basi. Mke wangu anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kisha kanga inashuka.

Nilidhani wateja watanikimbia. Nina mtani wangu mmoja, Mmakonde wa kule juu, anafanya kazi ya useremala mjini hapa, na mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza alipozimiwa mashine katikati ya kisogo alivumilia kidogo, halafu akanong'ona, "Nimekuja kunyolewa, nimeingia ibadani."

"Nyamaza, mtani, unafukuza malaika."

"Malaika gani? Huyu shemeji ndiye malaika, na mimi nina kichwa cha watu wawili."

Lakini alirudi. Na wengine walirudi, tena wakaja hata wa mitaa mingine, na nilipouliza, mmoja akaniambia wazi kwamba kule sokoni injini inanguruma mfululizo, umekaa na mgongo wako kwenye njia, shingo inakuwa baridi. Hapa unajua kuna mtu anasikiliza. Yeye ni dereva, mtu mzima, mwenye misuli. Sikumcheka.

Na mtaa nao ukajifunza. Kanga ikipanda, bibi wa jirani anasimamisha mchi hewani. Wenye redio za betri wanapunguza sauti. Niliwahi kumwona kijana wa pikipiki akizima injini yake akasukuma kwa miguu mpaka akapita, wala hakuna aliyemwambia. Watu wakawa wanaambizana, "zima kidogo, tusikilize", hata siku ambazo korenti ipo na jenereta yangu imelala.

Mimi nilipenda. Sikumwambia mke wangu, lakini nilipenda zile nafasi za kimya. Mkono unapumzika, upepo unapita barazani. Ila kila mwezi ulipoandama nilijua Idi inasogea, na Pemba nayo inasogea.

Ramadhani ikaingia, na kwenye kumi la mwisho gari la matangazo likapita na spika juu. Korenti itakatwa siku mbili, na moja ya hizo ndiyo ile ambayo kila mwanamume wa pwani anataka kichwa safi kwa ajili ya sala ya Idi asubuhi yake. Nilinunua petroli mapema kwa yule anayeuza kwenye chupa za maji kandoni mwa barabara. Kuhusu huyo nina maneno yangu. Petroli yake ina rangi ya chai ya jana, na nimeshamwambia usoni kwamba anatia maji.

Siku ile baraza lilijaa tangu asubuhi. Mke wangu alikwenda kona na mkeka wake kama kawaida. Watu wamefunga, midomo imekauka, hakuna mwenye nguvu ya kupiga soga isipokuwa mtani wangu, ambaye si Mwislamu na alikuja tu kwa sababu anasema siku ya Idi anakula kwetu na hataki kutia aibu. Alikuwa anakunywa maji akiutazama ukuta, kwa heshima.

"Mtani, tunakusikia unavyomeza."

"Si mnasema tusikilize? Sikilizeni."

Kiti kikamfikia jirani wa mabati. Ndiyo, namnyoa. Namnyoa vizuri, na sijawahi kumkata. Nilikuwa nimeshapita upande wa kulia kanga ilipopanda. Nikazima. Kimya kikatanda, watu kama kumi wamekaa barazani, na mimi nimesimama nyuma ya kichwa chake.

"Yanavuja?" nikamwuliza taratibu.

"Nini?"

"Mabati."

Kwenye kioo nilimwona anatazama magoti yake. "Hapana," akasema. "Ni imara."

"Nilichagua mwenyewe. Ya geji nene."

Mtani alikohoa ndani ya kikombe. Kanga ikashuka, nikaenda kuvuta kamba, nikarudi na roho nyepesi kabisa.

Haikupita muda mrefu, mashine ikaanza kulegea mkononi. Haikati, inang'oa. Jirani akakunja uso. Nikasikia jenereta nyuma inashuka sauti, inaguna kama mtu aliyebeba gunia, kisha inapanda, kisha inashuka tena. Nikajua mara moja. Nikawaambia waliokuwepo kwamba yule muuza chupa ameniua, kwamba mtu anayetia maji kwenye petroli mwezi wa Ramadhani hana dini, kwamba nitamfuata na chupa zake zote nizimwage mbele yake. Wakaitikia, maana kila mmoja ana kisa chake na yule mtu. Nikaenda nyuma, nikazima, nikafungua kikombe kidogo chini ya kabureta, nikamimina petroli kiganjani. Maji yakiwemo utayaona, yanakaa chini kama shanga. Nikakigeuza kiganja huku na huku juani. Hamna shanga. Safi.

Nimeinama hapo, sauti ikatoka dirishani, si kona.

"Mbona umezima? Sijakwambia uzime."

Nikageuka. Mke wangu amesimama ndani ya sebule, pasi ya umeme mkononi, waya wake umechomekwa kwenye waya wangu uliopita dirishani. Pasi inakula umeme kuliko mashine za kunyolea tano. Sikuuliza habari za pasi. Nilitazama kona. Mkeka upo, ungo upo, mtu hayupo. Sijui alikuwa ameondoka tangu lini. Nilikuwa nimejisahau kwenye shughuli za kumlaani muuza petroli.

Halafu nikadhani ananyoosha nguo za safari. Nikasogea dirishani nichungulie. Kilichokuwa juu ya meza kilikuwa kitambaa kipana cha maua, kimeshonwa pindo, kingine kimekunjwa pembeni. Mapazia. Tangu turudi madirisha yetu yalikuwa wazi, hakutaka kitu chochote kimzuie kuiona njia. Watu walisema tunaishi kama dukani.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Wageni wa Idi wakae humu wanaonekana na kila mpita njia, kama samaki wa mnadani?"

"Na kona?"

"Kona haina mwenyewe. Anayetaka kukaa akakae. Mimi nina kazi."

Nikasimama na petroli inakauka kiganjani. Nikataka kuuliza vizuri, kwa kuzungukazunguka, nikashindwa. "Na Pemba?"

Aliijaribu pasi kwa kidole kilicholowa mate, ikawa imeshapoa, akakunja uso. "Nimewapigia watoto asubuhi. Nimewaambia waje wao, mimi sina mgongo wa kukaa kwenye gari siku nzima. Washa basi, pasi inapoa."

Nikafunga kikombe cha kabureta, nikavuta kamba, ikashika. Nikarudi barazani. Watu wananisubiri niwaambie ni maji kiasi gani.

"Si petroli," nikasema. "Ni mwenye nyumba, anapiga pasi."

"Kwa hiyo?" akauliza jirani wa mabati, akijigusa upande ambao haujanyolewa.

"Kwa hiyo tungoje. Haviendi viwili pamoja."

"Tungoje mpaka lini?"

"Mapazia ni manne," nikamwambia, nikavuta kigoda nikakaa kivulini. Mtani wangu akanipisha kidogo upande wake wa ukuta, na kule nyuma jenereta ikaendelea kuguna na mzigo wake, hakuna aliyeizima.