Nyati Aliyeamka

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, na leo nina malori matatu yangu mwenyewe. Lakini majuzi, karibu na Nyasura, niliwakuta watu wa wanyamapori wamemlaza tembo kwa ile sindano ya bunduki. Nikasimamisha lori, na utoto ukanirudia.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, alilala nyati hivyo hivyo, waya wa mtego umemkaa shingoni. Alinuka tope na damu, na inzi walimtembea puani bila yeye kutikisika. Nilijua amekufa. Daktari wa wanyamapori akakata waya, akamchoma sindano ya pili. Punde nyati akasimama, akaondoka zake kama hakuna kilichotokea.

Nilimvuta yule daktari shati. "Shikamoo. Twende nyumbani ukamchome na mama."

"Marahaba. Mama anaumwa nini, baba?"

"Haumwi. Amekufa asubuhi."

Daktari akachuchumaa. "Nyati alikuwa amelala tu, mwanangu."

Sikumwamini. Nilimwona mchoyo wa dawa, nikamchukia miaka mingi, mpaka nilipokua nikaelewa kuwa sindano ya pili huondoa usingizi tu.

Majuzi hayo tembo aliposimama watu walipiga makofi. Mimi nilikaa chini kando ya barabara mpaka jioni, na barafu ikayeyuka juu ya samaki aina ya sato niliowapakia Bukima. Walioza wote. Hasara yake ni shilingi milioni mbili, laki moja na elfu arobaini.