Saa Mbili ya Mama

Harufu ya baruti hunirudisha katika majira ya baridi ya mwaka wangu wa kumi na mbili, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ukumbi wa kulenga shabaha uliokuwa chini ya ardhi huko Saint Paul. Makoti yenye theluji yalidondosha maji ukutani, na risasi zililia kikavu kama kuni zinazopasuka motoni. Baba aliletwa Minnesota na mbio ndefu za chuo. Mama alikuwa mchezaji hodari wa netiboli. Kaka alijaza kabati medali za mpira. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema watu wa kanisani kwetu Brooklyn Park, lakini mimi nikikimbia hatua ishirini nilishika kiuno. Bunduki peke yake ndiyo iliyonitaka nitulie. Siku ile timu ya vijana ilikuwa imebakiza nafasi moja, nami niliitaka mpaka mate yakanikauka.

Kocha alikuwa na mtoto mwingine, hivyo mama alishika darubini nyuma yangu, anitajie risasi za majaribio zinapiga wapi. Pande tulizitaja kwa mishale ya saa. Nikapiga, akasema saa mbili. Nikawaza juu kulia, kama kocha anavyotaja kwa Kiingereza, nikazungusha skrubu za kulengea ili nishuke kushoto. Risasi iliyofuata nusura itoke nje ya karatasi. Mama akaguna. Masikio yakaniwaka: nimevuta pumzi vibaya? Bunduki iligongwa garini? Au kipaji kilikuwa cha kuazima? Dakika za majaribio zilikuwa zinakwisha. Mimi niliyezoea kumjibu kwa Kiingereza nikageuza shingo.

“Mama, saa mbili ya Kizungu au ya Kiswahili?”

“Kwani mimi nilikuzaa kwa lugha gani?”

Basi mshale ulikuwa penye nane: chini kushoto. Nikazirudisha skrubu zilipokuwa, nikaongeza kiasi kile kile kuelekea juu kulia, moyo ukidunda hadi mkanda wa bunduki ukatikisika. Nikapiga. Mama, ambaye uwanjani angepiga vigelegele, akaninong'oneza: “Hii haina saa.”

Niliipata nafasi kwa pointi moja, na baba alisimulia kanisani kana kwamba amekimbia yeye.

Sasa nina shahada, na wiki hii nimepata barua ya kazi inayonitaka nianze “mapema iwezekanavyo.” Kwa siku tatu nimeipima neno kwa neno, nikirekebisha mambo ambayo huenda hayajaharibika. Kuuliza si ujinga. Nililijua hilo nikiwa nimelala kifudifudi, sekunde zikiniponyoka. Leo asubuhi nimewapigia simu nikauliza. Walimaanisha Jumatatu.