Mwanga Uliofifia kwenye Visahani vya Taratibu

Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, anaitwa Taratibu tangu utotoni, na jina hilo amelistahili. Sokoni huichukua nyanya, akaigeuza, akairudisha, mpaka muuzaji mmoja akamwuliza kama anachagua nyanya au anachagua mchumba. Akajibu kwamba mchumba angemchukua haraka zaidi.

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa dawa. Chumba chake ni kile cha mwisho, kisicho na dirisha, chenye hadubini moja kubwa na kiti kilichobonyea. Humo huotesha seli hai za moyo kwenye visahani, na ndani ya seli hutiwa protini inayong'aa kijani ikimulikwa kwa taa ya buluu. Seli ikiwa na nguvu za kutosha, mwanga huwa mkali; nguvu zikipungua, mwanga hufifia. Kamera hupiga picha kila dakika, kompyuta ikageuza mwanga kuwa tarakimu. Hivyo mtu huona seli inavyotumia chakula chake bila kuiua.

Mwaka jana walijaribu dawa mpya. Visahani vya Taratibu vilivyotiwa dawa vilikuwa hafifu kwa theluthi nzima kuliko visivyotiwa, na mkuu wa maabara akaandika kwamba dawa ile inamaliza nguvu za moyo. Kisha fundi mwenzake, bwana mmoja mwenye haraka zake, akarudia jaribio mara nne asione tofauti yoyote. Minong'ono ikaanza kwamba tarakimu zimepikwa. Taratibu akapewa siku tatu ajieleze kwa maandishi, la sivyo aondoke.

Alikuja kwangu mchana huo, chai ikapoa mbele yake. Nilimshauri aseme mashine ilikuwa mbovu. Jina la ukoo wetu limo kwenye ripoti ile, jina ambalo kaka yake alilibeba bila doa mpaka tukamzika.

"Wifi, mashine ni nzima," akasema. "Nikisema mbovu wataipima, halafu nitakuwa mwongo kweli."

Nimefundisha shule miaka mingi, na mwanafunzi akikwama nilikuwa namtaka anisimulie hesabu yake hatua kwa hatua. Nikamtaka naye anisimulie kazi yake tangu kuvaa glavu. Akasimulia vizuri hadi alipofika kwenye kuchagua seli za kupigwa picha. Visahani vya kulinganishia alivichagulia upesi. Vya dawa ndivyo alivyovihangaikia, akizitazama seli moja moja chini ya taa ya buluu.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka niridhike," akasema, kisha akaanza kuhesabu dakika kwa vidole.

Kila fundi wa kazi ile anajua kwamba protini ile huchoka ikimulikwa sana, mwanga wake ukafifia hata seli ikiwa nzima. Yeye alihesabu mwanga wa kamera kwa uangalifu wote. Muda wa macho yake mwenyewe hakuuhesabu.

Kesho yake alichukua visahani viwili visivyo na tone la dawa. Kimoja akakipiga picha papo hapo. Kingine akakitazama kwanza kwa dakika kumi, kama desturi yake. Hicho cha pili kikatoka hafifu kwa theluthi. Akaandika barua akaeleza yote, na kwamba kosa ni lake. Nilimwomba apunguze makali ya sentensi hiyo. Aliniruhusu kusahihisha alama za mkato tu.

Mkuu aliisoma mbele ya wote. "Tarakimu ni za kweli," akasema. "Tulizisoma vibaya, na wa kwanza kuzisoma vibaya ni mimi." Akamwagiza Taratibu arudie jaribio la dawa, safari hii achague seli kwa taa ya kawaida. Yule bwana wa haraka akamwomba radhi, naye kwa haraka vilevile.

Nilikuwa napiga pasi aliponipigia simu kutoka koridoni.

"Wifi, seli za dawa zimewaka mpaka mwisho. Dawa haina neno." Nikamsikia akipenga kamasi. "Na mimi nimebaki kazini."

Nilizima pasi nikaketi juu ya kapu la nguo zilizokwisha kunyooshwa, nisijali zinakunjika vipi.