Jino la Godelieve

Godelieve alikuwa amechoka kuamka. Kila alfajiri pale Nyabiondo, katika Masisi ya Kongo, alikuta kitambaa alicholalia kimelowa mate, na kinywa chake kinanuka mpaka yeye mwenyewe anakunja uso. Alisukutua, akatafuna majani ya mpera, akasugua meno kwa mkaa. Akifika kwenye shamba la maharage mate yalikuwa yamejaa tena, na alilima huku akitema.

Watu walijua, wakanyamaza. Mwanadamu huona afadhali kugeuza shingo kuliko kumwambia mwenziwe ukweli wa kinywa chake. Aliyethubutu ni mmoja tu, Josiane, mke wa kaka yake, ambaye kwa miaka ishirini alimletea chungu cha sombe, yaani kisamvu, kila Jumapili.

"Dada, usinikasirikie," alisema. "Kinywa yako iko nanuka sana asubui. Enda kwa muganga wa kituo cha afya, labda iko jino yenye kuoza."

Ushauri mzuri, lakini huku Masisi mtu akijaa mate ovyo, jambo la kwanza kutajwa si jino. Ni karuho, ile sumu ya polepole inayosemekana hutiwa kwenye chakula. Godelieve akaanza kujiuliza: nani ananipikia kila Jumapili?

Alikwenda kwa mzee mmoja wa dawa za kutapisha. Akanywa, akatapika, akanywa tena, miezi mitatu, mpaka akawa analima kwa kujikongoja. Mate yakazidi. Na chungu cha Josiane alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kumwagia nguruwe nyuma ya jiko. Nguruwe alikula hiyo sumu miezi mitatu, akanenepa, akang'aa! Godelieve alimtazama kila siku na bado hakuelewa. Hofu ilikuwa imemfumba macho.

Jumapili moja Josiane alirudi kuchukua ingata, ile kata ya kubebea chungu kichwani, aliyoisahau, akamkuta anamwaga sombe. Alichukua chungu chake, na hakuja tena.

Mwishowe Godelieve alianguka shambani, akapelekwa kituo cha afya. Muuguzi, Papa Darius, alimulika kinywa chake kwa tochi.

"Mama, jino ya nyuma imeoza mpaka ndani, njo harufu inatoka pale. Na ile dawa ya kutapika njo inaongeza mate. Uache. Usikule bugali na kulala palepale. Kunywa maji, kwangua ulimi, sukutua na maji ya chumvi."

Jino likang'olewa. Baada ya wiki mbili Godelieve aliamka kitambaa kikiwa kikavu, kinywa hakinuki. Alingoja furaha, haikuja. Alimtaka Josiane.

Akabeba kibuyu cha pombe ya ndizi, akapanda kilima taratibu hadi kwa Josiane. Alieleza yote, jino, karuho na nguruwe, wala hakujitetea. Josiane alisikiliza, akaleta kikombe, akamimina. Kwao desturi ni kwamba aliyeleta kinywaji huonja kwanza, ili mwenzake aone hakuna sumu. Hawa wawili hawakuwahi kuonjeana miaka ishirini yote. Kwa mawifi waliopendana vile, lingekuwa tusi.

Josiane alimsukumia wifi yake kikombe.

"Onja kwanza, Mama Godelieve."

Hakumwita dada. Godelieve akakishika kikombe kwa mikono miwili, akaonja.