Mayai ya Gari

Sisi tuliokulia Mbozi zama za Mwingereza, tukikutana misibani au harusini hatuishi kujisifu. Enzi zetu hivi, enzi zetu vile. Tulikula vya asili, ndiyo maana mifupa yetu migumu, watoto wa siku hizi wanakula takataka za kwenye mifuko. Juzi rafiki yangu mmoja wa Itaka aliyasema hayo mbele yangu huku anatafuna andazi. Nikamwambia, hebu koma kidogo, mwenzangu. Vya asili tulivilima, tulivichuma, tulivifuga. Kuvila je? Mimi harufu ya yai niliijua kwanza kutoka kwenye lori.

Naam, lori. Usicheke.

Raha zilikuwepo, siwezi kuzikana. Kwetu Hasamba asubuhi za mwezi wa sita baridi ilikuwa inauma mpaka masikio. Tulikwenda shule ya misheni miguu mitupu, kila mmoja na kiazi kitamu cha moto mkononi. Kwanza kinapasha vidole, halafu ukikaribia shule ndiyo unakila. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa majani makavu ya mgomba, na msimu wa kahawa tulifyonza maganda mekundu kwa utamu wake mpaka Mama apige kelele, "Mtamaliza kahawa, nyie nyani!" Usiku ugali wa ulezi na maharage, tumbo likitulia tunalala.

Kuku nao walijaa uani, wanataga mpaka uvunguni mwa kitanda. Lakini mayai yalikuwa mali ya Bibi, mama yake Baba. Aliyaweka kwenye kapu lililoning'inia chumbani mwake. Mengine ya kuangua, mengine ya wageni. Mtoto akila yai atakuwa mwizi. Mwanamke akila atazaa mtoto asiye na nywele. Wanaume wazima, ah, wao hayakuwadhuru hata kidogo! Ona maajabu hayo.

Ndipo mdogo wangu Yotamu akaugua surua. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia vizuri. Surua iliondoka ikamwacha miguu imevimba, nywele nyepesi za rangi ya ndevu za mahindi. Hachezi, hacheki, analia kwa sauti ndogo kutwa nzima. Mama akambeba mpaka zahanati ya misheni. Nesi akamwambia, "Mama, mtoto huyu amekosa chakula cha kumjenga mwili. Mpe yai kila siku, usichelewe. Ukichelewa utampoteza."

Mama alirudi karibu kukimbia. Akapiga magoti mbele ya Bibi, maana kwetu mkwe hasemi na mama mkwe amesimama, akaomba yai moja kwa siku. Bibi hata hakumtazama.

"Huyo hakosi chakula," alisema. "Huyo amebemendwa."

Heri yenu msiolijua neno hilo. Maana yake ni kwamba mama ametembea na mwanamume mtoto akiwa bado ananyonya, akamharibu. Na Baba alikuwa kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma, mwaka wa pili huo. Kwa hiyo mnaelewa Mama alikuwa anaitwa nani ndani ya nyumba ya mumewe. Alichukua jembe akaenda kupalilia kahawa, nikamsikia analia huko katikati ya mibuni.

Siku chache baadaye lori la mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa likasimama mbele ya uwanja wetu, linafuka mvuke, maji yanachuruzika chini. Dereva wake, Saidi, mtu wa Tabora mwenye maneno matamu, akafungua boneti na kutikisa kichwa. Rejeta imetoboka. Akabandika kipande cha sabuni kwenye tundu, kikayeyuka. Akaja uani.

"Shikamoo, Bibi. Naomba maji, na mayai kama yapo. Nikiyapasua humo ndani yataivishwa na maji ya moto, yazibe tundu. Yanifikishe Mbeya tu, kwa fundi wa kuziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa."

Bibi yule aliyemnyima mjukuu wake yai moja aliingia chumbani mbio akatoka na kapu. Kapu zima, jamani! "Chagua, mwanangu, chukua makubwa." Saidi akayapasua moja moja, akayamimina kwenye mdomo wa rejeta, akaongeza maji, akawasha injini. Muda si mrefu harufu ikatoka. Watoto tulilizunguka lori midomo imejaa mate. Yotamu, niliyekuwa nimembeba mgongoni, aliacha kulia akanyoosha mkono kuelekea kwenye boneti. Matone yakapungua, yakakoma, na Bibi akapiga vigelegele.

Mnadhani mwenye lori aliipeleka rejeta ikachomewe? Thubutu! Ahangaike na nini, na mayai ya bure yapo Hasamba? Tundu lilizibuka tena na tena, na kila Saidi akipita alipiga honi. Bibi akafika mahali pa kutenga mayai mazuri pembeni, akayaita mayai ya gari. Ole wake atakayeyagusa. Na Yotamu alikuwa amevimba mpaka uso, macho yanafumbuka kwa shida. Nikiyasimulia haya hasira inanipanda hadi leo.

Siku moja honi ikalia, Bibi akamkabidhi Mama kapu. "Mpelekee dereva mayai yake."

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Hakwenda kwenye lori. Alikwenda jikoni, akayatia yote kwenye chungu, akachochea moto. Honi ikalia, Bibi akaita, Mama akaongeza kuni. Alipotoka alikuwa na chungu mkononi na Yotamu kiunoni. Akaketi katikati ya uwanja, mbele ya Bibi, dereva na majirani, akamenya yai, akaanza kumlisha mwanawe.

"We mwanamke!" Bibi akapiga kelele. "Unamfanya mjukuu wangu mwizi!"

"Mama," akasema Mama, bila kuinua sauti, "lori lile limekula mayai kiangazi chote. Limeiba nini?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Saidi, nampa haki yake, aliomba maji tu, akaondoka lori likidondosha njia nzima.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Wakamkuta Mama na hatia ya kumdharau mama mkwe, atoe kuku na apige magoti kuomba radhi. Kuku mzima, kwa kumlisha mtoto yai! Akamtoa. Akapiga magoti uwanjani palepale, watu wakitazama. Bibi akafungia kapu sandukuni. Kesho yake Mama akapeleka maharage kwa wanawake wenzake kwa siri, wakampa mayai, akachemsha tena. Na kesho kutwa tena.

Kahawa ilipoiva Yotamu alikuwa anakimbiza kuku. Leo ni babu mwenye kitambi, hajaiba hata kalamu.

Vijana wetu siku hizi wanakula chipsi mayai pale Tunduma, pembeni mwa foleni ya malori, wengine wanapiga picha sahani wakaacha nusu. Nawagombeza, halafu nikibaki peke yangu naona ni afadhali yai libaki sahanini kuliko kumiminwa kwenye rejeta. Nakitamani bado kiazi kile cha moto cha asubuhi, naitamani rede, nautamani ujirani wetu.

Lakini Baba aliporudi toka migodini alimkuta mwanawe mzima, watu wakamsimulia ugonjwa, wakamsimulia na kupona. Lile neno la kubemenda hakuna aliyelifuta. Bibi alikufa, wazee wale wakafa mmoja baada ya mwingine, Mama akazeeka, na hakuna hata mmoja aliyepata kumfuata akamwambia, tulikukosea. Leo tunakaa vikao kulalamika kwamba wakwe zetu hawana adabu, wanajibu kabla hujamaliza kusema. Acheni wajibu. Mama yangu alikuwa na adabu zote, na tukamzika hajaombwa radhi.