Raiti na Laiti

Odyek alizaliwa kambi ya polisi Nsambya, hapa Kampala, katika zile nyumba za bati za duara tunaita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango ni mfupi na ukiingia haraka unagonga kichwa. Bwana wangu pia alikuwa polisi, nyumba yao na yetu zilipakana. Baba yake, Sajenti Ogwang, alikuwa trafiki. Alisimama Wandegeya miaka na miaka akipungia magari mkono, jioni shati jeupe linarudi rangi ya moshi. Mtoto akasema yeye moshi hataki, yeye atapungia ndege. Tukacheka. Nani ameona ndege inasimamishwa na trafiki?

Kumbe iko. Mtu anakaa chumbani, mbele yake kioo, na kila ndege ni doa dogo. Anaongea na rubani kwa redio: wewe panda, wewe shuka, wewe geuka. Kazi ni moja tu, madoa yasikutane. Hata kukaribiana hapana.

Shida yake ilikuwa ulimi. Watoto wa kambi waliongea Kiswahili nyumbani na Luganda barabarani, na kwetu l na r ni ndugu, wanaazimana shati. Mimi nikisema naenda kurara, hakuna mtu anakufa. Lakini alipoenda shule ya waongoza ndege, mwalimu muzungu alimwambia: kulia kwa Kingereza ni raiti, wewe unasema laiti. Redio ikikwaruza rubani atasikia lefti, na hiyo ni kushoto. Basi Odyek akawa anatembea kati ya kamba zetu za nguo, raiti, raiti, rrraiti, kama pikipiki inakataa kuwaka.

"We Odyek," nilimwambia, "hiyo ndege ikiwaka utuite tupande."

Akacheka na yeye. Alikuwa mtoto wa heshima, sikatai. Akanyoosha ulimi, akafaulu, akamuoa Ayaa, akapata kyeyo, mkataba wa kazi ya nje, kwenye uwanja mmoja wa ndege huko jangwani.

Yaliyotokea huko alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu. Ilikuwa mchana, vumbi imejaa. Ndege mbili zinakuja kimo kimoja, na yeye akaona amechelewa kuziachanisha. Akashtuka. Mtu akishtuka anaongea ya nyumbani. Akaiambia ya kwanza igeuke kulia, mdomo ukasema laiti. Rubani akasikia lefti, akageuka kushoto, upande ule ule mwenzake anatokea. Alirudia, maana ndiyo sheria yao, rubani arudie alichosikia. Lakini Odyek alikuwa tayari anaikimbilia ndege ya pili. Hakumsikia.

"Kwenye kioo zikawa doa moja, maa," aliniambia. "Nikangoja."

"Halafu?"

"Halafu zikawa mbili."

Ndani ya ndege kuna kengele inampigia rubani kelele mwenzako amefika. Mmoja alivuta juu, mwingine akasukuma chini. Hakuna aliyekwaruzwa. Watu walimwagikiwa soda, wengine walilala wakaamka wamefika. Mmoja wa waliolala ni Ajok, binti yangu, nesi wa wakimbizi, alikuwa anarudi nyumbani kwa likizo.

Wakubwa wake walimsimamisha, wakamrudisha darasani, wakampima, wakasema ameiva tena. Akarudi Kampala kungoja kuitwa, akapanga nyumba Kyebando, karibu na mimi, maana bwana wangu alipostaafu tulihamia huko. Akaanza kuandamwa. Na sio na wafu. Wafu tungejua la kufanya. Aliandamwa na watu walio hai, wanatembea, wanachagua nyanya sokoni, na yeye amesimama anawaza: huyu labda alikuwemo.

Alipokuja kunisalimia akamkuta Ajok. Akamuuliza alisafiri lini, kwa ndege gani. Akamshika mkono kwa mikono miwili, kama unavyomshika mfiwa. Halafu akamwambia yote.

Hapo ndipo mimi na yeye tuliachana. Ulimi kuteleza, sawa, hauna mfupa. Lakini mwanangu alikuwa amelala salama, hajui kitu. Unamwamsha ili mbebe wawili? Tangu siku ile Ajok analala amevaa viatu. Nikimpa chakula ananiuliza, "Mama, unaniona?" Ninamwambia nakuona, na sahani inakuona, kula. Kazini kwake hafiki mtu bila ndege. Hapandi.

Ndipo akaja mzee Abwola, mjomba wa Odyek, Mwacholi kama mimi, na yai mfukoni mwa koti. Kwetu mtu akitoka mahali pabaya haingii nyumbani hivi hivi. Anakanyaga yai mlangoni, mwenye nyumba anamwambia ingia, na mabaya yanabaki nje.

"Mama Ajok," akasema, "kazi imemwita huyu kijana, anaondoka wiki kesho. Lakini akifikiria redio tu, mdomo unakauka. Wewe ndiye mama wa mtu aliyekuwemo. Mwache akanyage kwako, umwambie ingia, aende."

"Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa unaniletea nguo haina damu nikufulie nini?"

"Anaandamwa, mama."

"Aandamwe kwake. Huku kwangu kumejaa."

"Wewe ungekuwa polisi, jela zingejaa."

"Na zingefungwa vizuri."

Odyek alikuwa nyuma yake, shati limepigwa pasi, shingo imekonda. Abwola akaliweka yai mbele ya kizingiti. Ajok akatokea, akasimama nyuma yangu.

"Mama, mwambie aingie," akasema. "Yeye akiingia, labda na mimi nitatoka."

Nilimtazama mwanangu. Kisha nikanyoosha mkono wangu ninaokulia.

"Odyek, upande huu wanauitaje kwa redio? Sema vizuri, ukanyage. Ukishindwa, huendi kushika ndege za watoto wa watu."

"Maa, nakuomba."

"Neno moja."

Alifungua mdomo, ikatoka hewa. Akafunga. Akafungua tena, na sauti ikawa ya yule mtoto wa kambi.

"Laiti."

Ajok alishika mlango. Abiria hamsikii anayeongea na rubani, na siku ile neno lilimpita usingizini. Sasa alikuwa amelisikia. Akakaa chini pale pale kwenye saruji, mwili wake ukalala upande wa kushoto, polepole, kama mtu aliyefungwa mkanda kwenye kiti kinachopinda.

Nikaokota yai, nikamrudishia Abwola mkononi. Odyek hakubisha. Alisema asante. Asante ya nini, sijui.

Hakusafiri. Sasa yuko Wandegeya kwenye duka la kuchapisha, anabandika majalada ya vitabu vya wanafunzi, anaonyesha bei kwa vidole. Ayaa akipita hanisalimii. Abwola anatangaza kwamba nimemfunga kijana. Nimemfunga, ndiyo. Wewe ungepanda? Hilo la ulimi sina kinyongo nalo. La kumwambia mwanangu, simsamehe, hata mkileta trei nzima ya mayai.

Ajok bado analala na viatu. Jana ndege imepita juu ya Kyebando, akaniita kutoka chumbani.

"Mama, iko peke yake?"

Nikamwambia iko peke yake. Kisha nikatoka nje kutazama.